Pima Kwanza, Alenki Baadaye

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wapiga mishale wakongwe, na ninyi vijana mlioshika upinde mwaka huu kwa mara ya kwanza, nawasalimu. Nimeombwa nizungumze juu ya kutengeneza na kurekebisha upinde wa rikavu, yaani huu ambao ncha za mabawa yake, ile mikono miwili inayopinda, zimejikunja kuelekea shabaha. Mada ni pana kuliko muda niliopewa. Kwa hiyo nitatua pale ninapoona watu wengi wanapotea, na kupita mbio pale ambapo kijitabu cha mtengenezaji kimeshamaliza maneno.

Nianze na lalamiko. Pinde nyingi zinazofikishwa kwa fundi hazijaharibika, zimechokonolewa. Mtu amekosa shabaha siku mbili mfululizo, akachukua alenki, ule ufunguo wa bolti, akabana bolti ya bawa la juu, akalegeza ya chini, akazungusha planja, ile pini ya springi inayougusa mshale kwa kando, akabadilisha ugwe, na kesho yake akahamisha alama ya noki, yaani pale mkia wa mshale unaposhika ugwe. Ukimwuliza kimo cha ugwe, yaani umbali wake kutoka kwenye mpini, kilikuwa ngapi kabla hajaanza, anakutazama tu. Fundi naye hapo anakwama, kwa sababu upinde hauna tena mahali pa kurudi. Basi ombi langu kwenu ni moja: pima, andika, ndipo uguse. Na ukigusa, gusa kitu kimoja, piga mishale, uone kilichobadilika.

Kwa nini upinde huu una madeko kiasi hiki? Angalieni ugwe ukiwa umetulia. Haukushika kwenye ncha za mabawa peke yake. Unalala juu ya ule mkunjo kwa sentimita kadhaa, ndani ya kijifereji chembamba. Unapovuta, ugwe unajibandua kidogo kidogo kutoka kwenye mkunjo, na bawa linafanya kazi kana kwamba limerefuka. Ndiyo sababu upinde wa rikavu unaweka akiba ya nguvu nyingi mapema katika mvuto, na mwishoni hauwi mzito ghafla mkononi. Wapanda farasi wa nyika za Asia walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya kaboni, wakaunda pinde zao kwa pembe, mbao na mishipa ya wanyama. Lakini mkunjo huo huo ndio mlango wa matatizo. Bawa likijisokota kidogo tu, ugwe unapanda ukingo wa kijifereji, na likijisokota sana upinde unaweza kujivua ugwe wenyewe mkononi mwako.

Na kipimo tunachodaiwa si cha mchezo. Katika Olimpiki mpigaji husimama mita 70 kutoka kwenye shabaha yenye kipenyo cha sentimita 122, na duara la alama kumi lina sentimita 12.2 tu. Pigeni hesabu. Kutoka katikati ya duara hilo hadi ukingo wake ni sentimita 6.1, na kwa umbali ule hiyo ni pembe ya karibu 0.05 ya digrii. Ugwe uliorefuka bila wewe kujua unatosha kabisa kukuibia hiyo pembe.

Sasa tuje kwenye ukaguzi, maana hakuna kurekebisha upinde mgonjwa. Vua ugwe, fungua mabawa, yaweke kwenye mwanga mzuri. Chukua kipande cha pamba ukipitishe taratibu kwenye kingo zote za bawa. Pamba ikinasa, hapo kuna nyuzi za faibaglasi au za kaboni zilizoinuka. Nasema pamba, sisemi kidole. Kibanzi cha kaboni kikizama kwenye ngozi ni taabu kukiona na taabu zaidi kukitoa.

Nyufa hazilingani uzito. Ufa mwembamba unaokwenda na urefu wa bawa, ulio kwenye rangi au vanishi peke yake, mara nyingi ni wa sura tu. Utie alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, uendelee kupiga, kisha uangalie kama umevuka alama. Ukivuka, upinde unapumzika. Ufa unaokata bawa kwa upana ni habari nyingine kabisa, kwa sababu bawa linapopinda linavutwa kwa urefu wake na kila mvuto unaufumbua ule ufa zaidi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wako wanaokimbilia gundi kwa kuishika methali hiyo. Kwenye bawa la upinde ufa wa upana hauzibwi. Bawa hilo linastaafu, wala usimpe jirani na usiliweke stoo likingoje mtoto wa mtu alione. Likate vipande viwili ulitupe.

Tabaka za bawa zikianza kuachana, tazama ni wapi. Mwachano mdogo wa ukingoni, kwenye upinde wa mbao na faibaglasi, fundi mwenye subira anaweza kuupenyezea gundi nyepesi ya epoksi, akaubana kwa vibanio pande zote mbili, na kuuacha hadi ukauke kwa muda kamili ulioandikwa kwenye chupa. Muda kamili, si nusu yake. Lakini mwachano ulioingia hadi katikati ya bawa, au ulio karibu na mpini ambako mkazo ni mkubwa, mimi siugusi na sikushauri umpe mtu anayekubali kuugusa. Mabawa mapya yapo madukani. Macho hayapo.

Na karibu kila mwachano wa namna hiyo una historia moja: kuna mtu aliuvuta upinde na kuuachia bila mshale. Ni mzaha wa kawaida sana, hasa kwa wageni wanaotaka kusikia mlio. Mnaelewa kinachotokea? Nguvu yote uliyoiweka kwenye mabawa ilikuwa iondoke na mshale. Mshale ukikosekana, nguvu haina pa kwenda, inarudi kwenye mabawa, kwenye ugwe na kwenye mpini. Noki iliyopasuka, mshale ukaruka kabla ya wakati, inaleta balaa lile lile. Mshale mwepesi kupita kiasi nao ni ndugu wa karibu. Ikitokea, acha kupiga siku hiyo. Vua ugwe, kagua mabawa kwa pamba, kagua vitanzi vya ugwe, kagua mpini hasa pale palipo na matundu ya bolti. Mpini wa alumini au wa magnesi ukionyesha ufa, hauchomelewi wala haugundishwi. Hapo hakuna mjadala.

Kujisokota kwa bawa ndiko kunakonipa kazi nyingi, na ndiko kunakoponyeka kirahisi kukigunduliwa mapema. Sababu zake mnazijua hata kama hamtaki kuzikiri. Kuvisha ugwe kwa kupitisha mguu kati ya ugwe na upinde, ukalikandamiza bawa kwa paja. Kuuegemeza upinde uliovishwa ugwe kwenye kona ya chumba kwa wiki nzima. Kuuacha ndani ya gari juani, gundi ikalainika. Kamba ya kuvishia ugwe ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mkoba wako, na inayavuta mabawa yote mawili sawasawa. Tumieni hiyo, tafadhali. Mtu akiniletea upinde uliojisokota, swali langu la kwanza ni kamba yake iko wapi.

Ila kabla ya kulihukumu bawa, hakikisha kosa si la mahali lilipochomekwa. Pinde nyingi za mashindano leo hutumia mfumo wa ILF, unaoruhusu mabawa ya mtengenezaji mmoja kuingia kwenye mpini wa mwingine. Ni raha kubwa, lakini kila ukibadilisha mabawa unatakiwa kuyanyoosha upya kwa zile bolti na washa za pembeni. Funga stabilaiza ndefu, ile fimbo ya mbele inayoutuliza upinde, laza upinde juu ya viti viwili au kwenye kishikilio chake, simama nyuma, fumba jicho moja. Ugwe upite katikati ya bawa la juu, katikati ya bawa la chini, na katikati ya stabilaiza. Ukipita katikati ya mabawa lakini ukaikosa stabilaiza, mabawa yote yameegemea upande mmoja. Sogeza kwenye mpini. Ugwe ukiwa sawa karibu na mpini lakini ukakimbilia ukingo kwenye ncha, hapo bawa limejisokota kweli.

Bawa la upinde wa kale wa mbao na faibaglasi laweza kurudishwa. Mwagia maji ya moto, yasiyochemka, pale lilipojisokota, kisha lisokote kwa mikono upande wa pili kupita kidogo mahali unapotaka liishie, ulishike hivyo hadi lipoe. Tazama, rudia. Usikimbilie kikaushia nywele chenye moto mkali, maana gundi iliyoshika tabaka inaweza kuachia. Na mabawa ya kaboni na povu usiyapashe moto hata kidogo. Hayo hurudi kwa muuzaji.

Ugwe. Hapa nitasema machache, lakini machache haya yanaokoa pinde. Upinde wa zamani ambao ncha zake hazikuimarishwa unataka ugwe wa dakroni, unaonyumbuka kidogo na kupunguza mshtuko. Nyuzi za kisasa za jamii ya Dyneema hazinyumbuki karibu hata kidogo. Zinarusha mshale kwa kasi zaidi, na pia zinaweza kupasua ncha za upinde ambao haukuundwa kwa ajili yake. Urefu: upinde ulioandikwa inchi 68 huchukua ugwe wenye urefu wa takriban inchi 65, tatu pungufu, na wengine hushuka hadi nne. Paka nta mara nyuzi zinapoanza kuonekana zimekauka na kusimama vinywele, isugue kwa kipande cha ngozi hadi ipate joto na kuingia ndani. Usiipake kwenye uzi wa kuzungushia pale katikati, haina kazi hapo. Uzi huo wa katikati ukianza kufumuka, uzungushe mpya siku hiyo hiyo, kwa sababu noki inakaa hapo. Lakini uzi mkuu mmoja ukikatika, ugwe wote umekwisha. Hakuna kufunga fundo.

Haya, upinde ni mzima. Sasa tunarekebisha, na hapa mpangilio una maana, kwa kuwa kila hatua inavuruga zilizo mbele yake na haivurugi zilizo nyuma. Umeshanyoosha mabawa. Unafuata uzito wa mvuto na tila, halafu kimo cha ugwe, halafu alama ya noki, halafu mahali mshale unapoelekea, na planja mwishoni. Mtu anayeanza na planja atarudi kwenye planja.

Uzito kwanza. Namba iliyoandikwa kwenye bawa imepimwa kwa mvuto wa inchi 28. Kila inchi unayoongeza huongeza takriban ratili mbili, kwa hiyo mwenye mikono mirefu anayevuta inchi 30 kwenye mabawa ya ratili 36 ameshika kama 40. Bolti za mabawa hukupa nafasi ya kuongeza au kupunguza karibu asilimia 10, lakini kila mtengenezaji ametaja mizunguko ya mwisho ya kulegeza. Ukiipita, bolti inaweza kuchomoka upinde ukiwa umevutwa. Soma kijitabu.

Tila ni tofauti kati ya nafasi ya ugwe na bawa la juu, na nafasi ya ugwe na bawa la chini, zote zikipimwa pale bawa linapoingia kwenye mpini. Mpigaji anayeweka kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini kwa kawaida huanza na nafasi ya juu ikiwa imezidi ya chini kwa kati ya sifuri na milimita 6. Anayeweka vidole vyote vitatu chini ya mshale huanza karibu na usawa, maana mkono wake umeshuka. Mabishano juu ya tila yanaweza kumaliza mkutano huu, na ninaona mwalimu mmoja pale mbele ameshaanza kutabasamu. Mimi huitumia kwa jambo moja tu: upinde ukivutwa, saiti, kile kifaa cha kulengea, isikimbie juu wala chini. Ikitulia, tila ni sahihi, hata kama namba yako haifanani na ya bingwa.

Kimo cha ugwe ni umbali kutoka kwenye ugwe hadi pale mpini ulipozama zaidi, kwenye koo la mkono. Kwa upinde wa inchi 68, anza kati ya sentimita 21.5 na 22.5, isipokuwa kijitabu chako kinasema vingine. Ukiusokota ugwe unafupika na kimo kinapanda, ukiusokotoa kinashuka. Ongeza misokoto michache, vuta mara kadhaa ugwe ukae, pima, piga, sikiliza. Kuna kimo ambapo upinde unatulia, mlio unakuwa mfupi na wa chini, na mtetemo mkononi unapungua. Kiandike. Kimo kidogo humfanya mshale ukae kwenye ugwe muda mrefu kidogo, unapata kasi zaidi lakini pia unabeba makosa zaidi ya vidole vyako. Ugwe mpya hurefuka katika siku za mwanzo, kwa hiyo upime kila unapouvisha hadi namba itulie. Tabia hii peke yake ya kupima kimo kabla ya mshale wa kwanza ingepunguza nusu ya wateja wangu, na sitasikitika.

Alama ya noki ipime kwa skwea, ile rula ya pembe mraba inayoshikizwa kwenye ugwe, ikiwa imelala juu ya kiegemeo cha mshale. Anza milimita 6 hadi 12 juu ya usawa. Usiifunge kwa ukali bado, utaihamisha. Na jaribu noki zenyewe: mshale ukining'inia kwenye ugwe uliolala sambamba na ardhi, ncha ikitazama chini, ubaki umeshika, ukiugonga ugwe kidogo kwa kidole, udondoke. Noki inayong'ang'ania huharibu majibu yote utakayopata baadaye, na watu hutafuta kosa kwingine kote kabla ya kufika hapo.

Sasa mshale, na hapa ruhusuni nikae. Wengi tunaposema tunarekebisha upinde, kwa kweli tunaupatanisha upinde na mshale. Vidole vinapoachia ugwe, ugwe hauendi mbele moja kwa moja. Unateleza kuzunguka ncha za vidole, unapelekwa kando, kisha unarudi. Mshale unasukumwa kwa nyuma na kuyumbishwa kwa pamoja, na ncha yake nzito inachelewa, kwa hiyo mwili wa mshale unapinda. Unapinda upande mmoja, unapinda upande wa pili, na kwa namna hiyo unaupita mpini bila kuugonga, kisha unaendelea kupindapinda huku ukitulia njiani. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia Clarence Hickman wa Marekani alilionyesha hilo kwa kamera za kasi, na hadi leo mtu akiona picha za polepole kwa mara ya kwanza haamini kwamba ni mshale wake mwenyewe unaofanya vile.

Kama mshale lazima upinde, basi kiasi cha kupinda ndicho kila kitu. Ugumu wa mshale hupimwa hivi: unalazwa juu ya vishikilio viwili vilivyoachana inchi 28, unaning'inizwa uzito wa gramu 880 katikati, na kupimwa umeshuka kiasi gani. Ukishuka nusu inchi, huo ni mshale wa 500. Namba ikipanda mshale ni mlaini zaidi, na hapo wanaoanza hupindua mambo. Lakini namba hiyo ni ya mshale uliolala mezani. Ukiwa kwenye upinde, mshale mrefu unakuwa mlaini zaidi, ncha nzito inaulainisha zaidi, na mabawa yenye ratili nyingi vivyo hivyo. Kwa hiyo usikate mishale yako siku uliyoinunua. Iache mirefu kidogo, ujue kwanza inasema nini.

Na kabla hujaipiga mishale ya kaboni, ikunje. Kila mmoja, kila siku, na kila ulipogonga kitu kigumu. Shika ncha zote mbili, ukunje kidogo kwa kuuelekeza mbali na uso, zungusha, ukunje tena, sikiliza. Ukisikia mchakariko au ukaona ufa, uvunje palepale. Mshale wa kaboni wenye ufa unaweza kupasuka wakati wa kuachia na vipande vikaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Hili silitaji kwa kutishana; ni jambo la sekunde chache.

Kiegemeo na planja viweke hivi: simama nyuma ya upinde, ugwe upite katikati ya mabawa, kisha tazama ncha ya mshale. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, ncha ionekane imetoka kidogo upande wa kushoto wa ugwe. Kidogo. Anayevuta kwa kushoto ageuze, hapa na katika yote yatakayofuata. Springi ya planja iweke katikati ya ugumu wake, isiwe imekazwa wala kulegea.

Ndipo tunafika kwenye jaribio ambalo watu hulipenda na hulisoma vibaya: mshale mtupu, usio na manyoya. Manyoya hufanya kazi ya kunyoosha makosa ya mwanzo wa safari. Ukiyatoa, mshale unasema ukweli wote. Simama mita 18, piga mishale mitatu yenye manyoya, kisha miwili mitupu, ukilenga pale pale. Mitupu ikiangukia juu ya wenzake, alama ya noki iko chini mno, ipandishe. Ikiangukia chini, alama iko juu mno, ishushe. Wengi huiacha mitupu ikae chini kidogo, na mimi ni mmoja wao, kwa sababu nyuma ya mshale hubaki imeinuka na haigongi kiegemeo. Malizeni juu na chini kwanza, kabla ya kwenda kulia na kushoto. Alama ya noki iliyo mbaya hutoa majibu ya uongo pembeni.

Kisha pembeni. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mitupu ikiwa kushoto ya kundi, mshale ni mgumu mno kwa upinde huo: ongeza ratili kwenye bolti, au weka ncha nzito, au lainisha springi ya planja. Ikiwa kulia, mshale ni mlaini: punguza ratili, weka ncha nyepesi, kata mshale kidogo, au kaza springi. Angalieni kwamba planja nimeitaja mwisho kila upande. Planja ni ya marekebisho madogo. Mshale uliokosewa kabisa hauponywi na springi. Unaufunika tu kwa mita 18, na kwa mita 50 unajitokeza.

Lakini hapa pana sharti, na hili ndilo ambalo hakuna anayetaka kulisikia. Kama mishale yako yenye manyoya bado imetawanyika upana wa sahani ya kulia chakula kwa mita 18, mshale mtupu haukuambii habari za upinde. Unakuambia habari za vidole vyako siku hiyo. Utauhamisha upinde ufuate kosa ambalo kesho hutalifanya. Mpigaji wa namna hiyo, na hakuna aibu ndani yake, apime vitu vyake, aviweke kwenye namba za mwanzo nilizotaja, na aviache hivyo kwa msimu mzima. Afanye mazoezi. Kadhalika usirekebishe upinde jioni umechoka. Mkono uliochoka unavuta pungufu, mshale unajionyesha mgumu, na wewe unaanza kulegeza springi isiyo na hatia.

Kwa walio tayari kwenda mbele, kuna jaribio la kurudi nyuma. Tundika uzi wenye kitu kizito chini yake mbele ya shabaha, ulenge juu kwenye uzi huo kwa saiti ile ile isiyohamishwa, ukianza karibu kabisa na kurudi nyuma mita chache chache hadi 30 au zaidi, mradi mishale bado inaingia kwenye shabaha. Mishale itazidi kushuka kadiri unavyorudi. Hilo ni la kawaida. Mnachotazama ni umbo la mstari. Ukinyooka sambamba na uzi, umemaliza. Ukienda mshazari kwenda upande mmoja, planja nzima isogezwe ndani au nje, kwa kuwa mshale haukuelekezwa sawa. Mstari ukijikunja kama upinde wenyewe, tatizo ni ugumu wa springi. Sogeza kidogo, rudia. Jaribio hili linachukua alasiri nzima, na kwa maoni yangu linafaa zaidi kuliko lile la kupiga kupitia karatasi na kusoma tundu, ambalo wapigaji wa rikavu wameliazima kwa wenzao wa pinde za kapi, zile zenye magurudumu kwenye ncha za mabawa. Kwa vidole, tundu la karatasi hubadilika kila mara unapoachia.

Vitu vidogo navitaja nikiondoka. Bolti ya saiti na ya stabilaiza hulegea kwa mitetemo. Ziguse kabla ya kila zamu. Kiegemeo cha plastiki huchakaa, uwe na cha akiba kwenye mkoba. Klika, kile kibamba kinacholia mvuto wako ukitimia, ikihamishwa, mvuto wako umebadilika, na mvuto ukibadilika uzito umebadilika, na yote mliyoyafanya tangu asubuhi yanarudi mezani.

Daftari lako liwe na haya: urefu wa upinde na mabawa, mizunguko ya bolti za juu na chini, kimo cha ugwe na idadi ya misokoto, tila ya juu na ya chini, urefu wa alama ya noki, mahali pa klika, mizunguko ya planja, urefu wa mshale, namba ya ugumu wake na uzito wa ncha. Weka tarehe. Ugwe ukikatika asubuhi ya mashindano, utavisha mwingine, utasoma daftari, na ndani ya nusu saa utakuwa umesimama kwenye mstari pamoja na wenzako.

Nimemaliza upande wangu. Skwea mbili ziko hapa mezani, kuna nta, kuna pamba, na kamba za kuvishia ugwe zinatosha. Leteni pinde zenu mmoja mmoja, na kabla hujaniambia unaumwa wapi, niambie kwanza kimo cha ugwe ni ngapi. Asiyejua apite upande huu wa skwea. Asanteni.